Ungo wa Mama Salome

Nilipokuwa mtoto huko Issuna, niliamini kwamba upele wa mama uliletwa na rafiki yake, Mama Salome, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Bibi mzaa baba ndiye aliyesema, na neno la bibi nani angelipinga?

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno, mama alipura alizeti peke yake, vumbi likimganda usoni na mikononi. Alilala mzima, akaamka mzima. Siku ya tatu Mama Salome alikuja kumsaidia kupepeta, na jioni hiyo ngozi ya mama ikavimba na kutoa malengelenge.

"Alizeti umeshika juzi, haikukufanya kitu," bibi alisema. "Leo kaja huyu, umeumuka."

"Lakini mama, ni rafiki yangu," mama alimjibu mkwewe.

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwaka uliofuata Mama Salome alileta ungo mpya, zawadi, kausuka mwenyewe. Jioni upele ukarudi. Mama akaamini, akamwambia asije tena. Ungo aliutundika jikoni: kuurudisha ni matusi, kuutumia ni hatari. Upele uliendelea kila mavuno, na bibi akasema kijicho hakihitaji miguu.

Mwaka huu, baada ya kupura, mikono yangu nayo ikaumuka, nikaenda hospitali. Daktari hakuuliza nilichoshika siku ile. "Juzi ulishika nini?"

Alizeti, nikasema. Akanieleza kwamba mwili ukishazoea kuiona alizeti kama adui, askari wake huikariri. Ikija tena hawafiki papo hapo. Hukusanyana polepole, kama watu walioitwa kwa yowe kutoka vijiji vya mbali, na huchukua siku mbili hivi. Wakishafika, vita vyao huiumiza ngozi yetu wenyewe.

Nilimsimulia mama. Akautungua ule ungo, akaufuta masizi. Tukavuka korongo.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia Mama Salome.

"Marahaba, mwanangu." Akaupokea ungo, akaugeuzageuza, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Mbona haujapepeta hata punje?"

"Niliuogopa," mama alisema. "Nilikuogopa wewe. Kumbe ilikuwa alizeti."

"Miaka yote hii nilijipa moyo kwamba ukiushika unanikumbuka."

Mama alilia. Mimi pia niliumia, maana nilimpenda Mama Salome kabla sijafundishwa kumkimbia. Upele ulichelewa siku mbili tu. Sisi tulichelewa mpaka mama na rafiki yake wakazeeka.