Dawa Niliyoingoja Imetoka kwenye Mkojo wa Farasi

(Jina na mtaa wa mwandishi tunavijua; tumevificha kwa ombi lake.)

Ndugu wasomaji, nina miaka ishirini na saba. Nimesoma hadi sekondari, ni karani katika ofisi moja karibu na Posta, na nimepanga chumba Kariakoo pamoja na dada yangu mkubwa, mjane, mpika vitumbua. Watu wote wananijua kuwa mwanamume. Mimi si mwanamume. Ni mwanamke niliyezaliwa na mwili usio wangu, na nalijua hilo tangu utotoni katika chuo cha Kurani, nilipolia siku maalim aliponitoa upande wa wasichana.

Mnisamehe nikilitumia mno neno kinyaa, sina jingine. Naona kinyaa ninaponyoa ndevu asubuhi, kisha adhuhuri nazikuta zimerudi. Naona kinyaa na kaptula nyeupe ya ofisini na miguu yenye manyoya inayotokeza ndani yake kama ya mtu nisiyemjua. Naoga katika bafu la uani nimefumba macho. Shajara yangu, ninayoiandika kila jioni kwa tarehe, imejaa neno hilo hilo hata sitamani kuisoma.

Mwaka jana nilisoma gazetini kwamba ng'ambo wako watu wa namna yangu wanaopewa dawa, ile ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe na madaktari huiita homoni, na miili yao hugeuka kidogo kidogo. Nikatafuta daktari. Wawili walinifukuza. Wa tatu, Mzungu, alikubali, lakini kwanza alinivua nguo, akamwita rafiki yake aliyekuwa akimngoja nje waende kucheza tenisi. Yule rafiki alinitazama juu mpaka chini huku akitafuna biskuti. Nilivaa, nikapokea cheti cha dawa, nikaenda kutapika mtaroni. Hata hivyo nilikuwa na furaha.

Furaha ilinitoka katika duka la dawa. Mwenye duka, Mhindi wa makamo, alikisoma cheti mara mbili.

"Karani, hii dawa ya akina mama watu wazima. Mama yako anaumwa?"

"Ni yangu."

Alipangusa miwani. Kisha akaniletea chupa ya vidonge vya rangi ya kahawia, vinavyong'aa kama peremende. "Wewe Mwislamu, lazima nikuambie. Hii imetoka katika mkojo wa farasi jike mwenye mimba."

Nilidhani ananifanyia mzaha. "Wewe ungeinywa?"

"Nyumbani kwetu bibi yangu hutunyunyizia mkojo wa ng'ombe siku za ibada, na mimi nainamisha kichwa. Lakini farasi? Chi!"

Nilipomwambia dada, ambaye siri yangu anaijua, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Aka! Wa farasi? Si utaamka unapiga mateke!" Kisha kicheko kikakatika. "Mdogo wangu, kinywa hicho ndicho unachosomea Fatiha. Nimekupa kanga zangu ulale nazo, sikusema kitu. Lakini usichukue kikombe changu kumezea uchafu huo."

Siku ya pili nilipotoka kazini nilipita kwenye uwanja ambapo Wazungu hupanda farasi, nikasimama nje ya uzio. Farasi mmoja akapanua miguu, akakojoa. Ule mkojo ulitoka mwingi, wenye povu, na harufu yake ikanifuata mpaka nyumbani. Wali wa usiku ule sikuugusa.

Nikaenda kwa maalim wa msikiti wetu baada ya alasiri. Wazee watatu walikuwa wameketi naye barazani.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Ipo dawa yenye najisi ndani yake. Mgonjwa ana ruhusa?"

"Mgonjwa mwenyewe nani?"

"Dada yangu," nikasema, na kwa namna yangu sikusema uongo. "Mwili wake haukukamilika uanamke."

"Muozesheni, utakamilika!" akadakia mzee mmoja, na wenzake wakacheka vicheko vya kunichefua kuliko yule farasi. Maalim akawanyamazisha kwa mkono.

"Hakuna dawa nyingine?"

"Daktari ameandika hiyo."

"Asipoitumia, atakufa?"

Ndugu wasomaji, hapo ningeweza kudanganya. Ningesema ndiyo, ningepewa ruhusa palepale. Nikasema, "Hafi, maalim. Anaishi huku akijitapikia."

"Basi na avumilie. Ruhusa ni ya mwenye dharura, si ya mwenye kuchukia umbo lake."

Tangu siku hiyo sina raha. Nikiifungua chupa, naona kinyaa. Nikiifunga, nakiona kidevu changu kwenye kioo, naona kinyaa vilevile. Kile cha farasi nitakimeza mara moja kwa siku. Hiki kingine nimekivaa tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina ruhusa.

Leo asubuhi dada aliporudi kutoka sokoni aliweka kikombe kipya cha bati karibu na mtungi. Hakunitazama. Alisema, "Hicho chako. Ukikiosha, kioshe peke yake, usikichanganye na vyangu." Kisha akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, kama mtu apitaye jalalani, akachota maji mwenyewe na kukijaza.

Naandika barua hii kikombe kikiwa mbele yangu. Chupa iko wazi na vidonge vinanuka, au labda ni pua yangu tu. Nawaomba, hasa ninyi ambao miili yenu haijawahi kuwatia kichefuchefu, msinijibu kwa haraka wala kwa kicheko kama wale wazee. Nishaurini: nimeze kidonge, au niyamwage maji haya? Na lile swali la maalim, kama bila dawa hii nitakufa, ninyi mngelijibuje?