Jagi la Bibi Binah

Tangu achaguliwe diwani, mwanamke Mweusi wa kwanza kuketi katika baraza la mji wa Tolliver, Vashti Gadsden hakuwahi kusalimiwa vizuri ukumbini. Wenzake wanne, Wazungu watupu, waliitana Bwana huyu na Bwana yule. Yeye alikuwa Vashti tu, kama mtoto wa kutumwa chumvi, na ana miaka hamsini na minane na wajukuu sita.

Alasiri ile ya Mei 1974 hoja ilikuwa moja. Kiwanja nyuma ya kiwanda cha mbao kisawazishwe, kiwe maegesho ya malori. Kwenye kiwanja hicho amelala Binah, bibi yake Vashti, na mama yake Binah aliyezaliwa utumwani, na ukoo mzima. Hawakuwa na uwezo wa mawe ya kuchonga. Juu ya kila kaburi waliweka chombo cha mwisho alichokishika marehemu.

"Makaburi gani?" alisema meya, Hollis Crawley. "Nimekwenda mwenyewe na mke wangu. Jalala lile! Vigae, vikombe visivyo na mikono, saa mbovu. Vashti, watu wako waliona uvivu kubeba taka mpaka dampo, leo mnataka tuzivulie kofia?"

Wenzake wakaangua kicheko. Crawley alinogewa, akapigapiga jagi la buluu lililokuwa mezani pake, limejaa maua makavu.

"Ila jalala nalo lina mali. Mke wangu Norma aliliokota hili kulekule. Zima, tundu tu kwenye kitako. Limekaa sebuleni kwetu tangu Pasaka, leo nimelileta mlione."

Vashti alilitambua, na hasira ikampanda mpaka masikio yakaziba. Binah alikuwa mkunga. Kwa jagi hilo aliwaosha watoto wachanga wa nusu ya mji, Weupe kwa Weusi, na leo limefanywa pambo la mzaha. Akainuka, akayang'oa maua, akamimina humo glasi yake ya maji. Maji yakatoka chini, yakalowesha karatasi zote za hoja.

"We! Umerukwa na akili?"

"Tundu hilo nilitoboa mimi, kwa msumari, siku tuliyomzika bibi yangu. Nilikuwa na miaka tisa." Kisha, kwa mara ya kwanza, akamwita jina tupu. "Hollis, sisi chombo cha marehemu tunakivunja makusudi. Kikiwa kizima, kifo kinarudi nyumbani kuchukua mwingine. Na kikishawekwa hakiguswi. Anayekibeba amekibeba kifo, amekitia sebuleni kwake."

"Ushirikina mtupu."

"Haya. Norma hajambo lakini? Nasikia kile kikohozi hakijamwacha tangu Pasaka."

Lilikuwa neno la kikatili, na Vashti alilijua hivyo kabla halijamtoka. Hakujuta. Diwani mwenzake, Bwana Tuttle wa duka la dawa, alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Wanaounga mkono hoja?" akauliza karani.

Mikono mitatu ikapanda nusu, macho kwa meya. Mkono wa meya haukutoka mezani. Ile mitatu ikashuka mmoja mmoja. Hoja ikafa.

Asubuhi iliyofuata Vashti alikuwa makaburini akipalilia pale Crawley alipotokea, jagi kalifunga ndani ya koti. Hakumkaribisha.

"Norma amekataa kulala nalo nyumba moja," alisema Crawley. "Kaburi lipi, Vashti?"

Vashti akang'oa gugu.

"Vashti, si nakuuliza? Lipi?"

Akang'oa jingine. Crawley akatazama vigae na vikombe na saa zilizotapakaa kila upande, asijue pa kukanyaga. Jasho lilikuwa linamtiririka. Mbele hathubutu, na kurudi nalo nyumbani hawezi.

"Kaburi lipi, Bi. Gadsden?"

Ndipo akanyoosha kidole.