Ng'onda Hurowekwa Kwanza

Hafswa binti Akil alipomwambia kakake Idarus kwamba anataka kujifunza kusomesha wanawake watu wazima, Idarus alicheka mpaka kahawa ikampalia.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema alipopata pumzi. "Hao wako, dadangu, wamekwisha kauka."

Hafswa akainuka akavaa buibui lake. Idarus alikuwa mkubwa wake, tena ndiye aliyekuwa akimtunza tangu afiwe na mumewe. Lakini maneno yale Hafswa aliyabeba moto moto mpaka mtaa wa Kibokoni, akayatua mbele ya mwalimu, Bi Mwanatumu.

"Kweli asema," akajibu Bi Mwanatumu. "Kamwambie samaki aliyekauka akawa ng'onda hakunjwi. Ng'onda hurowekwa kwanza. Haya, vua buibui ukae."

Bi Mwanatumu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya muuza duka asiyetaka kupunguza bei. Kila baada ya alasiri chumba chake cha ndani kilijaa wanawake ambao hawakuonja chuo cha Kurani utotoni, wengine kwa kuwa baba zao hawakuona faida yake, wengine kwa kuwa walikuwa wakiteka maji ya watu. Sasa mwanawe alikuwa amepata nauli ya kumpeleka kuhiji, na darasa lile ama apate wa kumwachia, ama alifunge. Hafswa alilitaka. Alilitaka mno, wala hakuona haya kusema. Akilikosa, Idarus alikwisha kumpangia aende Lamu akakae na shangazi yao mgonjwa, na Hafswa alijua kwamba akishaingia nyumba ile, atachambua mchele wa watu mpaka yeye mwenyewe awe ndiye mgonjwa.

Basi akaanza, na alianza vibaya. Alikuwa amehitimu Kurani angali mtoto, hati yake nzuri, na alidhani ualimu ni hayo tu. Miezi ya mwanzo Bi Mwanatumu alimweka pembeni awatazame wanafunzi, basi. Hafswa akaona anachezewa. Siku moja Bi Tasleem, mke wa muuza nguo, alikosea herufi ile ile mara ya tatu, na Hafswa akaropoka kama alivyokuwa akiropokewa yeye chuoni: "Siyo hivyo! Nikwambie mara ngapi?"

Bi Tasleem akafunga juzuu yake, akaibusu, akaaga kwa adabu zote, na kesho yake hakuonekana. Wala kesho kutwa.

"Mtoto ukimtahayarisha atalia, na kesho babake atamrudisha," akasema Bi Mwanatumu. "Mtu mzima ni nani atakayemrudisha? Ni wewe. Nenda."

Hafswa akaenda, sahani ya kaimati mkononi na radhi mdomoni. Bi Tasleem alirudi. Baadaye alisema ni kwa ajili ya kaimati, na huenda ni kweli.

Hapo ndipo Bi Mwanatumu alipomwekea sharti. Ruhusa ya kusomesha hapati mpaka amtoe mtu mmoja kutoka alifu kwa ujiti, herufi ya kwanza, hadi kusoma, na mtu huyo awe mkubwa kwake kwa umri. Hafswa hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Mtu huyo alikuwa jikoni kwao.

Mbodze aliletwa Mombasa angali mtoto, mwaka wa njaa kule kwao kwa Wagiriama, akawekwa rehani kwa mtama kwa babake Hafswa, na hakuna aliyekuja kumkomboa. Ndiye aliyemlea Hafswa, akimpeleka chuoni kila asubuhi na kumngoja nje ya mlango mpaka atoke. Serikali ilipotangaza kwamba hakuna tena mtumwa, Mbodze aliulizwa anataka nini. Wenziwe walitaka kiwanja, au kurudi makwao. Yeye alijibu: "Nataka kuingia ndani ya ule mlango."

Watu walidhani anafanya mzaha. Hafswa hakucheka. Maneno yale yalimchoma, kwa sababu miaka yote ile alipita mlango huo bila kugeuka kutazama nani amebaki nje.

Basi akamfunza, na lo! Mbodze akawa moto wa kuotea mbali. Herufi wiki mbili, irabu wiki mbili nyingine, kisha sura. Akionyeshwa Wadhuha leo, kesho anaitiririsha bila kukwama. Hafswa akavimba kichwa. Aliwaambia watu, aliwaambia majirani, naye Idarus aliambiwa mara mbili. Hata mtihani aliuomba mwenyewe kabla ya wakati.

Siku ya mtihani darasa zima lilihudhuria. Bi Mwanatumu akaandika sura ya Watini ubaoni, akampa Mbodze. Mbodze akaupokea kwa mikono miwili, akapiga bismillahi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na kwa sauti nzuri ya kutoa machozi akasoma Wadhuha, mwanzo hadi mwisho, kidole kikitembea.

Wanawake waliuma leso zao. Mbodze mwenyewe aliinua uso akitabasamu, akangoja kusifiwa.

"Umesoma vyema, mamangu," Bi Mwanatumu akamwambia kwa upole, bila kumtahayarisha. Kisha wote walipoondoka akamgeukia Hafswa. "Masikio yake yamehitimu zamani, kule nje ya chuo. Mato yake ya kuonea hayajaanza. Nawe wamsikiliza tu, humtazami."

Hafswa alilia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Lakini hakuwa mtu wa kulia siku mbili. Aliwaza hivi: madhali kila sura Mbodze anaijua kwa sikio, basi ampe ya kusoma maneno ambayo hakuna aliyepata kuyasema. Kesho yake akachukua ubao, akaandika kwa herufi zile zile za Kurani, lakini kwa Kiswahili, akamwekea.

Mbodze akautazama. Akangoja atamkiwe. Hafswa akafunga mdomo, na kufunga mdomo kulimuuma kuliko jino.

"Wa," akasema Mbodze. "Wa... li. U... me... umeu..." Akarudi nyuma, kidole kikikuna ubao. "Umeungu... a. Wali umeungua." Akakunja uso. "Wali gani?" Kisha pua ikamwambia. "Wali umeungua! Nawe umekaa hapa wanitazama?"

Akachupa mpaka jikoni. Sufuria nzima ilikuwa imegeuka matandu. Mchana ule Idarus alikula makaa, akanung'unika mpaka maghribi, na kila alipotafuna Hafswa alimtazama kwa furaha ambayo hakuwahi kuionea chakula.

Tangu hapo kila siku aliandika jipya: habari za mtaa, utani, matusi madogo yasiyovunja udhu. Mbodze alisoma akicheka, akasoma akigomba. Alikwenda polepole sasa, akikwama, akirudi, na Hafswa alijifunza kukaa kimya na kuyafuata macho yake yakihangaika kwenye mstari, mpaka yapate njia yenyewe.

Mwishoni mwa Rajabu Bi Mwanatumu, mizigo yake ya safari ikiwa tayari ukumbini, aliwaita tena. Alimkalisha Hafswa nyuma ya Mbodze, mahali asipoweza kuona ubao, akamkataza kusema. Akaandika mstari mmoja tu.

Kidole cha Mbodze kikaenda. Kikasimama. Kikarudi mwanzo, kikaenda tena mpaka mwisho. Hafswa aliona mgongo wa yule mama aliyemlea ukikakamaa. Alitamani aulize ni herufi gani. Alitamani hata akohoe. Akashika leso yake kwa mikono miwili asije akafanya lolote.

Mbodze akaugeuza ubao, akaulaza kifudifudi mkekani.

"Sisomi."

Hafswa akafumba macho, akiiona Lamu hiyo yamngoja.

"Huyajui?" akauliza Bi Mwanatumu.

"Nayajua. Kusoma nishasoma. Kutamka ndiko sitaki. Urongo kama huu haupiti kinywani mwangu."

"Urongo gani, mamangu?"

"Ati 'Hafswa hajui kusomesha'!" Mbodze akafoka, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, amechelewa.

Bi Tasleem ndiye aliyeanza, kwa kicheko chembamba, kisha chumba kizima kikafuata. Hafswa alikuwa akilia na kucheka pamoja, asijue afute uso kwanza au afanye nini. Mbodze peke yake hakucheka. Aliuinua ubao, akausukuma mpaka magotini pa mwalimu.

"Nisamehe, Bi Mwanatumu, u mkubwa na wenda kuhiji. Lakini uloandika ni wewe. Futa."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwamuru Bi Mwanatumu ndani ya chumba kile. Alimtazama Mbodze, akamtazama Hafswa, akachovya kitambaa majini, akafuta. Kisha akainuka kwenye msala wake wa kusomeshea, akasogea kando, akamwonyesha Hafswa pa kukaa.