Raifoli ya Shangazi Katika Gereji ya Pickering

Rafiki yangu, juzi uliniuliza swali kwenye simu nami sikukujibu palepale, kwa sababu jibu lake lina historia na lina harufu: mafuta ya mashine, chai ya tangawizi, na unyevu wa gereji yetu ya Pickering, huku Kanada. Unasema una raifoli ya kiwandani, ile ya kuvuta bolti kwa mkono kabla ya kila risasi, na hujui kama uiboreshe au ununue aksheni iliyochongwa kwa oda. Kaa vizuri basi. Swali hilo lilikaa mezani kwetu majira mazima ya joto nilipokuwa mtoto. Wiki iliyopita nilipita kaskazini ya Richmond Hill, nikakuta uwanja wetu wa shabaha umekuwa safu za nyumba za matofali zinazofanana. Niliegesha gari kando ya barabara, na yote yakanirudia.

Kama neno lenyewe bado ni geni kwako, aksheni ni kile chuma cha katikati. Mtutu unafungwa mbele yake kwa hesi, kama parafujo, bolti, ile nondo yenye mpini inayofungia risasi, inateleza ndani yake, na mti wa bunduki unaibeba kwa chini. Ukibadilisha mti, triga, hata mtutu, bado utasema bunduki ni ileile. Ukibadilisha aksheni, una bunduki nyingine. Hata namba ya bunduki imechongwa hapo.

Raifoli yetu ilikuwa ya shangazi, dada mkubwa wa baba. Aliishi nasi katika chumba cha chini, ukuta mmoja na mashine ya kufulia, na siku za kazi alitunza wazee katika nyumba zao huko Thornhill. Jumamosi zilikuwa zake. Kulenga shabaha alijifunzia Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, baada ya kidato cha sita, amelala kifudifudi kwenye vumbi, mkanda wa bunduki umekazwa kwenye mkono wa kushoto hadi vidole vife ganzi. Alipofika Kanada, raifoli ile ndiyo ilikuwa kitu chake cha kwanza ambacho hakupewa na mtu wala hakuomba ruhusa ya mtu kukinunua.

Nazikumbuka Jumamosi zile kwa masikio kabla ya macho. Mafuta yakichemka kwenye karai, maandazi yakigeuzwa, kufuli la kabati la chuma likifunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kujaza chupa ya chai na kubeba mkeka wa kulalia. Uwanjani nilivaa vikinga masikio vikubwa kama mabakuli, na kwa ndani niliyasikia mapigo ya moyo wangu, kisha mlio, kisha bolti ikivutwa na ganda la risasi likidondoka kwenye saruji. Shangazi alinisemesha kwa Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiingereza, na yeye alijifanya hasikii hadi nirudie kwa Kiswahili. Alikuwa na subira ya ajabu kwa jambo hilo.

Mwaka huo klabu ilitangaza kwamba ingefanya mchujo wa kuchagua timu majani yakipukutika. Shangazi aliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu. Lakini matundu yake yalianza kutawanyika kwenye karatasi ya shabaha kama mbegu za tikiti zilizotemwa. Cha kushangaza, baba alipokaa mezani na kuilaza raifoli ileile juu ya mifuko ya mchanga, matundu yalikusanyika hadi ungeweza kuyafunika kwa kizibo cha soda.

"Bunduki ni hiyohiyo, risasi ni hizohizo," shangazi alisema tukiwa njiani kurudi. "Anayebadilika ni mimi."

Sote tulijua maana yake. Macho, mikono, umri.

Siku hizo jirani yetu alikuwa akija gereji kila Jumapili. Alikuwa Mhindi wa Kiismailia, mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Naye alikuwa na raifoli, tena yenye aksheni ya oda, na aliisifia kama watu wanavyowasifia wakwe wema.

"Dada, hiyo yako imetoka kiwandani kwenye mstari mmoja na wenzake," alisema huku akichovya andazi kwenye chai. "Nunua aksheni ya oda, funga mtutu mzuri, maneno kwisha."

"Wewe kila kitu nunua," baba akamwambia. "Ndiyo maana kwenu mlikuwa na duka."

"Na wewe kila kitu fungua. Ndiyo maana gari lako liko juu ya mawe tangu Krismasi."

Shangazi alicheka hadi chai ikamwagika. Lakini swali lilibaki pale, nami nililipenda, kwa sababu wote wawili walikuwa na hoja. Kiwanda hutengeneza aksheni nyingi kwa haraka, kwa hiyo huruhusu tofauti ndogondogo: uso wa mbele unaweza kuinama kidogo, bolti ikacheza kidogo. Fundi anaweza kuinyoosha baadaye. Aksheni ya oda huchongwa ikiwa imenyooka tangu mwanzo, na bolti yake hutembea kama droo ya kabati jipya. Njia zote mbili hukufikisha. Ila huwezi kuchagua njia kabla hujajua ugonjwa uko wapi.

Baba alikuwa fundi wa magari, kwa hiyo alitafuta ugonjwa kwa njia ya fundi wa magari. Kwenye ncha ya bolti kuna masikio mawili ya chuma. Ukifunga, masikio hayo hujishika ndani ya aksheni na kuubeba mshindo wa risasi. Baba aliyapaka wino wa kalamu nzito, akafunga bolti bila risasi ndani, akafungua. Wino ulifutika kwenye sikio moja tu.

"Umeona?" akaniambia kwa furaha ya daktari. "Moja linafanya kazi, jingine limepanda tu gari."

Akachukua dawa ya kusagia valvu, ule mchanga laini uliochanganywa na grisi, akaanza kuyasaga masikio yale kama alivyozisaga valvu za injini tangu ujana wake Iringa. Zungusha, futa, tazama, paka tena. Kwenye valvu huachi hadi mduara wote ung'ae. Hivyo naye hakuacha. Gereji ilijaa sauti ya mtu anayekoroma polepole, na mimi nilimshikia taa nikiamini tunamwokoa shangazi.

Kwa bahati njema baba alikubali tuipeleke kwa fundi wa bunduki kabla haijapigwa. Fundi alikuwa mama mmoja mcheshi mwenye karakana mashambani, aliyependa kuzungumza kuliko kukereza. Alitoa vipande viwili vya chuma vyenye umbo la risasi. Hizi ni geji, akatueleza. Bolti lazima ifunge juu ya hii, na lazima igome juu ya hii nyingine. Akaweka ile ya kugoma. Bolti ikafunga bila hata kunung'unika.

Baba alieleza kwamba kwenye injini ukisaga valvu, unarekebisha nafasi yake baadaye kisha maisha yanaendelea. Fundi akacheka kwa upole, akamwambia ameifanya kazi safi sana, ila kwenye bolti hakuna pa kurekebishia. Chuma alichokisaga kimeongeza nafasi nyuma ya risasi, na bunduki ya namna hiyo si salama kupigwa. Dawa ilikuwa kuufungua mtutu, kuupunguza kidogo kwenye mashine ya kukereza, kisha kuufunga ndani zaidi. Na kwa kuwa itakuwa imeshafunguliwa, angeunyoosha pia uso wa aksheni.

Tuliiacha kwake, tukashika barabara kuu.

"Mdogo wangu," shangazi akasema, "umeiua?"

"Haijafa, dada. Imelazwa tu wodini."

Jirani alimwazima shangazi raifoli yake wakati ile iko wodini. Shangazi akalala kwenye mkeka, akakaza mkanda, akapiga. Matundu yakakaa pamoja kama watoto kwenye sofa. Jirani alizunguka uwanjani akimwonyesha karatasi ile kila aliyepita. "Aksheni ya oda!" alisema. "Mimi nasema nini siku zote?" Shangazi alitabasamu, lakini niliona ameanza kufikiri.

Raifoli ilirudi majani yakiwa yameanza kugeuka rangi. Geji ziliitika inavyotakiwa, na uso wa aksheni ulikuwa umenyooka. Baba akakaa mezani, akapiga, na matundu yakakusanyika vizuri kuliko zamani. Sote tukashangilia. Kisha shangazi akalala kwenye mkeka, akakaza mkanda.

Mbegu za tikiti, zilezile.

Shangazi alikusanya maganda yake moja moja, akayatia mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kesho atamwambia fundi amwagizie aksheni ya oda, na kama haitawahi mchujo, basi. Usoni, hata hivyo, alikuwa na sura ya mtu aliyekubali habari mbaya kuhusu yeye mwenyewe.

Jioni hiyo, ugali ukiwa jikoni, aliniita sebuleni. Kila jioni alifanya mazoezi pale juu ya zulia, bunduki tupu, bolti imetolewa na kuwekwa mezani. Lakini safari hii alikuwa amekaa tu, ameipakata.

"Ya jirani ilinikubali nikiwa nimelala," alisema. "Kwa hiyo macho yangu hayana neno. Sasa niambie wewe, ukiacha aksheni, ile ina nini ambacho hii haina?"

Nikamjibu kwa Kiingereza. Akatazama dari.

"Ni nene, shangazi," nikarudia. "Mti wake ni mnene. Huu wako ni mwembamba huku mbele."

Aliupitisha mkono kwenye mti, hadi mbele. Kisha akauliza, "Baba yako akitaka kujua kama mlango unapitisha baridi, huwa anafanyaje?"

Nilijua, kwa sababu tulifanya hivyo kila mwaka kabla ya theluji. Unafungia kipande cha karatasi mlangoni, unakivuta. Kikitoka kirahisi, baridi inapita. Kikikwama, mlango umebana. Nikachana ukanda wa karatasi kutoka kwenye matangazo ya supamaketi, upande wenye picha ya kabichi. Shangazi akalala kwenye zulia. Nikaupitisha ukanda kati ya mtutu na mti, na ukateleza wote hadi mtutu unapokutana na aksheni. Hakuna kitu kilichogusa.

"Ngoja," alisema. Akavaa mkanda mkononi, akaukaza kama walivyomfundisha JKT, kwa nguvu zote. "Sasa vuta."

"Hautoki."

"Vuta, mwanangu."

Nikavuta. Karatasi ikachanika. Nusu ya kabichi ikabaki mkononi mwangu, nusu ikabaki chini ya mtutu.

Unaona? Mezani hakuna mtu anayekaza mkanda. Ila shangazi alipolala, mkanda ulikuwa ukiuvuta mti ule mwembamba hadi unaugusa mtutu na kuusukuma, na kila risasi ilisukumwa kwa kiasi tofauti. Na tangu klabu itangaze mchujo, alikuwa akiukaza kuliko zamani. Mti mnene wa jirani haukupinda; aksheni haikuwa na kosa. Shangazi alilegeza mkanda, akalaza shavu kwenye zulia, akaanza kucheka.

"Kumbe si mimi," alisema. "Kumbe si mimi jamani."

Baba alitoka jikoni na mwiko mkononi, tukamwonyesha kabichi. Siku iliyofuata alizungushia msasa kipande cha mpini wa ufagio, akaupanua mfereji wa ule mti taratibu, akisimama kila mara kunitazama nikipitisha karatasi. Safari hii aliogopa kusaga kupita kiasi. Harufu ya mbao ilikuwa tamu kama karanga. Jirani alikuja, akapitisha karatasi yeye mwenyewe mara kadhaa, akasema, "Haya, lakini yangu bado ni nzuri zaidi."

Siku ya mchujo palikuwa na upepo, na chai ilipoa kabla hatujaimimina. Shangazi alipata nafasi ya mwisho kwenye timu. Jirani ndiye aliyepiga kelele kuliko sote.

Miaka kadhaa baadaye, mtutu ule ulipochakaa, shangazi alinunua aksheni ya oda. Jirani alileta mithai, vitamutamu vya Kihindi, kana kwamba kuna harusi. Shangazi aliipenda sana, wala hakuona kwamba amemsaliti mtu. Mtutu mpya na mti mpya alikuwa anavinunua kwa vyovyote, naye alijua vizuri anachokitafuta. Kwa hiyo sikukatazi. Ile ya kiwandani, mtutu wake uliochakaa nao ukiwa bado mahali pake, alinipa mimi aliporudi Iringa, na iko kwenye kabati langu chini ya kufuli.

Jirani alihamia Calgary kwa binti yake, na huko ndiko alikozikwa. Gereji ina wenyewe wengine, wameweka mashine ya kukimbilia pale palipokuwa na jiliwa la baba la kubania vyuma. Na kule uwanjani, pale shangazi alipokuwa akilala na mkanda wake, wiki iliyopita nilimwona mtu anamwagilia nyasi. Nilitamani kushuka nimweleze, nikaona atanishangaa.

Kwa hiyo nakueleza wewe. Usinunue chochote kwanza. Toa bolti uiweke mezani, na uhakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Lala chini kama unavyolala uwanjani, na ukaze mkanda kama unavyoukaza siku yenye maana. Kisha mwombe mtu wa nyumbani apitishe ukanda wa karatasi kati ya mtutu na mti. Ukikwama, anzia hapo.