Shingo Yenye Chuma Haivutwi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata nikitaka kuisahau, shingo yenyewe inanikumbusha. Nilikuwa nimekaa mkekani nyumbani kwangu Kawajense, kichwa kinagonga kama mtu anatwanga ndani yake. Shemeji yangu Maganga akaingia na mgeni.

"Shemeji, mateso yameisha," akasema. "Huyu bwana ananyoosha shingo. Anavuta mara moja tu, unaamka."

Ngoja kwanza nikueleze shingo hiyo ilifikaje huko, maana ukisikia mwisho bila mwanzo utaniona mjinga.

Ujana wangu niliumalizia Kibaoni, napakia mpunga kwenye malori. Tajiri wetu aliitwa Sefu. Namtaja, sina sababu ya kumficha. Sefu alinunua lumbesa tu, lile gunia linalojazwa mpaka mdomo haufungi, likashonewa kilemba cha neti juu, na mkulima akalipwa gunia moja. Mkulima aliibiwa mpunga, mimi niliibiwa shingo, maana kilemba kile hakikai begani, kinaangukia kisogoni. Wenzangu walilalamika. Mimi Sefu alinipata kwa neno moja: aliniita Fuso. "Nyie pumzikeni, mwachieni Fuso!" Na mimi nikajiona lori kweli. Mgema akisifiwa hulitia maji tembo. Mpakiaji akisifiwa hujivunja mwenyewe. Tena lori lina nafuu, spea zake ziko dukani.

Miaka ikapita, mikono ikaanza kufa ganzi, vikombe vinanidondoka. Nikapelekwa hospitali kubwa, mbali huko, wakanipasua na kuunganisha pingili za shingo kwa chuma na skrubu. Walinisaidia, sikatai, mikono ilirudi. Sefu hakuja hata kunipa pole. Alishapata Fuso mwingine.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe misuli ya shingo na mabega ikawa inakaza yenyewe, kama kamba ya turubai utingo akiivuta, halafu maumivu yanapanda kisogoni mpaka nyuma ya jicho. Kidonda kimepona kwa nje, basi watu wanakuita mvivu. Wakikuita kwa nyuma hugeuki upesi, wanasema una maringo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ndiyo maana siku ile sikukataa. Yule bwana akanishika kidevu na kisogo, akavuta. Umeme ukashuka mpaka vidoleni. Nilipiga kelele, mwanangu, mtu mzima mimi.

"Inaitika hiyo," akasema, akajipanga kuvuta tena.

Hapo akaingia Bibi Tausi, jirani yetu mwenye duka la kanga. Kelele ilimfikia dukani.

"Maganga! Mnamuua mtu?"

"Tunamnyoosha, Bibi."

"Mnanyoosha nini? Mlango uliopigwa misumari ukiuvuta, unatoka na fremu yake! Mwenzenu ana chuma shingoni!"

Yule bwana akaachia mikono kama kashika moto. "Chuma? Mimi sikuambiwa kuna chuma."

Sote tukamtazama Maganga. Akainama. "Nilidhani hicho chuma ndicho kinachomuuma," akasema. "Nikajua akivutwa kitalegea."

Bibi Tausi alinigeukia mimi. "Na wewe, baba, mdomo ulifungwa skrubu nao? Shingo ni yako, unaikabidhi kwa mtu asiyejua kilichomo?"

Neno hilo liliniuma kuliko shingo. Akaita bajaji, akanipeleka hospitali mwenyewe, duka kalifunga. Wakapiga picha, chuma kilikuwa hakijahama. Mungu alinitazama. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi mpaka leo. Maganga tunakula naye sikukuu, ila kila nikifunga kifungo cha shati namkumbuka.

Hospitalini yupo dada wa mazoezi, ndiye aliyenifundisha kuishi. Misuli ikikaza naweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nashusha mabega, napumua. Nalalia mto mwembamba. Asubuhi natembea taratibu. Simu nainua usawa wa macho, siiinamii. Dawa nameza kama nilivyoandikiwa, si kufakamia za dukani kila kichwa kikigonga. Kichwa chenyewe hakijaniacha. Kikija nakipokea kama mgeni mkorofi: simgombezi, simkaribishi kulala, namsindikiza polepole. Siku nyingine haondoki. Nalala naye hivyo hivyo.

Basi nikuambie wewe unayepakia mizigo sasa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika pa kubebea kichwa. Tajiri akikuita Fuso, mwambie una jina ulilopewa na mama yako. Lumbesa likataeni pamoja, maana akikataa mmoja atapatikana mwingine. Na kama umeshapasuliwa, mtu yeyote akikunyooshea mkono shingoni, mwambie kwanza kilichomo. Mkono ukifa ganzi au ukilegea, rudi hospitali siku hiyo hiyo, usingoje shemeji. Maumivu hayaonekani, yaseme.

Mungu akupe kazi isiyokula mwili wako. Akupe jirani anayesikia kelele. Na akufikishe uzeeni na shingo inayogeuka, ili ukiitwa kwa nyuma ugeuze uso tu, mwanangu, usigeuze mwili mzima kama mimi.