Friji Iliyokuwa Ikisalimu

Mama mdogo alipokuwa katika eda, hakuna fundi wa nje ambaye angekubaliwa kuingia kwake Nyakabiga. Kwa hiyo umeme wa nyumba ulipozima, ilibidi niende mimi, mtoto wa dada yake. Nilikwenda kwa majivuno, maana nyaya za nyumba ile nilizifunga mwenyewe, na mumewe marehemu alinisifu mbele za watu.

Ilikuwa mchana kweupe, lakini alikuwa ameshusha mapazia. Nilivua viatu, akanipa ndala za marehemu. Nikamuuliza umeme umezima tangu lini.

"Tangu wiki ya matanga," alisema. "Nilizania wamekata kuran mutaa muzima. Mi sina haraka. Njoo, shika hapa."

Akaubandika mkono wangu kwenye mlango wa friji, ile mumewe aliyokuwa akiwekea juisi za kuuza. Ilikuwa kimya, na ndani imeanza kunuka. Chini ya kiganja changu kitu kilitetemeka kidogo kidogo, kama mkono wa mzee anayekusalimu bila kukuachia. Niliuvuta mkono wangu kwa hofu.

"Ni yeye," alisema. Tangu mazishi sikuwa nimemwona na furaha ile. "Kila nikitoka kutawaza, napita kumuamukia."

Kutawaza, na miguu yote imelowa! Nikatoa testa ya kupimia umeme mfukoni, nikaigusisha mlangoni. Katika nyumba isiyo na taa, kitaa chake chekundu kikawaka.

Nilifungua boksi la fyuzi, nikakuta kosa langu mwenyewe. Fyuzi niliiweka kwenye waya wa kurudisha umeme, si ule wa kuuleta. Ilipoungua, vitu vyote vilizima, lakini umeme uliendelea kuingia, na ndani ya friji waya uliochubuka ukaupeleka kwenye bati. Ndala za mpira alizovaa tu ndizo zilizomwokoa. Siku ambayo angepita peku, ningemzika.

Nikaweka fyuzi mpya kwenye waya wa kuleta umeme, nikaufunga utepe ule waya uliochubuka. Taa zikawaka, friji ikaanza kunguruma. Mama mdogo akaweka kiganja mlangoni, akangoja. Akakihamisha, akangoja tena.

"Mwanangu, umemufanya nini?"

Nilimwambia ukweli wote kwa aibu: kwamba ulikuwa umeme, kwamba kosa ni langu, na kwamba ungemuua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono bado uko mlangoni.

"Sawa," alisema. "Sasa urudishie vile ilikuwa."