Sura ya Mwisho Nyuma ya Ukuta wa Mabanzi

"Iruke," anasema Anosisye. "Soma inayofuata, au funga kitabu twende nyumbani."

"Nikiiruka, mama, hadithi itakuwa haina kichwa," anajibu Atupakisye. "Mtaniuliza mzee amekufaje. Nitawaambia nini?"

"Waambie amekufa. Watu wanakufa kila siku, hakuna anayesubiri kuelezwa."

Wanawake waliokaa kwenye magogo kando ya vikapu vyao vya majani ya chai wanacheka. Anosisye hacheki. Amejifunga kanga mbili na koti la mwanawe, na amesimama mbele ya mkamwana wake kama askari wa getini.

Ni saa tisa alasiri, mwezi wa Julai mwaka huu wa 1996, katika banda la kununulia majani mabichi ya chai, kwenye kijiji kimoja cha kata ya Suma, wilayani Rungwe. Ukungu umeshuka mpaka kwenye bati. Lori la kiwanda lilitarajiwa mchana na halijafika. Hakuna anayelalamika. Watu hawa wanasubiri kitu kingine.

Wanasubiri sura ya mwisho ya kitabu cha sita.

Kwa wasiokijua, ni kitabu cha mwisho katika mfululizo wa hadithi za ukoo mmoja wenye mashamba ya karafuu katika kisiwa cha mbali. Mkuu wa ukoo anaitwa Mzee Makame, mtu wa hasira, aliyemfukuza mke wa mwanawe tangu kitabu cha kwanza. Mke huyo anaitwa Zuwena. Hapa Suma, watu ambao hawajawahi kuiona bahari wanamjua Zuwena kuliko wanavyomjua diwani wao.

Wamemjua kupitia Atupakisye. Ana miaka thelathini na minne, watoto watatu, elimu ya darasa la saba, na nusu ekari ya chai. Akimaliza kuchuma ya kwake huchuma ya wengine kwa kibarua. Siku njema hupata kilo arobaini. Kitabu hiki cha sita kimemlia malipo ya siku tatu, na anasema hajutii.

Husoma mstari kwa Kiswahili, kisha huusema kwa Kinyakyusa kwa ajili ya akina mama wazee. Hababaiki wala hasiti kutafuta neno. Ukimsikiliza kwa mara ya kwanza utadhani kitabu kimeandikwa kwa lugha mbili.

"Wazee wakicheka, najua nimeipata," anasema. "Wakicheka vijana peke yao, narudia."

Ilianza miaka mitatu iliyopita. Alikwenda Bulyaga, mjini Tukuyu, kununua sabuni katika duka la Prisca. Siku hizi biashara imefunguliwa, malori yanayoleta mitumba kutoka Dar es Salaam huleta na vitu vingine vya kila aina, na siku hiyo juu ya kaunta kulikuwa na kitabu chenye picha ya mkarafuu. Alirudi nyumbani bila sabuni.

"Nilimfokea," anakumbuka Anosisye. "Nikamwuliza, utafulia karatasi?"

Kesho yake Atupakisye akakisoma bandani akisubiri lori. Akacheka peke yake. Jirani, mama Ezron, akamwuliza anacheka nini, naye akamsomea. Lori lilipofika walikuwa saba wamemzunguka, na mpimaji alipiga mizani kwa rungu ndipo wakainuka.

Banda lina ukuta upande mmoja tu, upande unakotoka upepo. Ni ukuta wa mabanzi, wenye mianya ya kupitisha kidole. Siku moja, wakiwa katikati ya kitabu cha kwanza, mtu alikohoa nyuma yake. Wote walikijua kikohozi kile. Hakuna aliyegeuka wala aliyeuliza. Kesho yake Anosisye alibeba kigoda, akakiweka nyuma ya mabanzi, akarudi kukaa mahali pake.

Aliyekohoa ni mumewe, Mzee Nsajigwa, baba mkwe wa Atupakisye.

Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa; kwa wa kwingine, ni hivi. Mwanamke wa Kinyakyusa aliyelelewa kwa desturi humtila baba mkwe wake, yaani humwepuka kwa heshima. Hakai mbele yake, hapishani naye njiani, hampi kitu mkononi, hazungumzi naye. Hata jina lake halitamki, wala neno linalofanana nalo. Wapo walioacha, hasa wa mjini. Nyumba hii haijaacha.

Ndiyo maana jina la mzee limeandikwa hapa kama lilivyotajwa na wengine. Atupakisye mwenyewe humwita "yule wa upande wa pili". Katika kitabu cha tatu kuna sajini wa polisi anayekuja kuwakamata ndugu wawili, na neno sajini limekaribia mno jina la mzee. Atupakisye hakusimama hata nukta moja. Sajini akawa "askari mwenye alama za begani" toka mwanzo wa sura mpaka mwisho, na watu wakaanza kumwita hivyo. Mpaka leo mtoto akitaka kumtisha mwenzake hapa humwambia askari mwenye alama za begani anakuja.

Mzee Nsajigwa alikuwa msomaji kabla ya macho yake kuingia ukungu. Ndiye aliyekuwa akisoma Neno kanisani, Jumapili baada ya Jumapili. Sasa anatofautisha mchana na usiku, na kivuli cha mtu akiwa karibu. Kwa miaka mitatu amekaa kwenye kigoda kile, amejifunika blanketi, mvua na baridi ya Rungwe vikimpiga, akisikiliza sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kuzungumza naye hata neno moja.

Na mwanamke yule, kwa miaka mitatu, amesoma akiwa ameupa ukuta mgongo.

Kuhusu kitabu cha sita, kila mtu ana lake. Prisca amekwisha kukisoma chote dukani, na hana kifua cha kutunza siri. Anasema mwandishi alichoka. "Kaua watu wengi mno kwa pamoja. Kitabu cha pili alikuwa anachukua sura nzima kumlaza mtu mgonjwa. Hapa unageuza ukurasa, msiba."

Lutufyo, dereva wa lori la chai, ambaye mara nyingi husikiliza akiwa ameegemea mlango wa gari, anagombana na urithi. "Shamba kapewa mwanamke na mjukuu. Ndugu wa marehemu wapo, wazima, wana meno yote. Huko kisiwani hawana ndugu?"

Mama Ezron anataka kujua kwa nini bei ya karafuu ilianguka na hakuna aliyekwenda kuuliza. "Nilipofika hapo nilidhani wanatusema sisi," anasema. "Bei wanapanga watu ambao hata jani hawajawahi kulichuma."

Mwalimu Pudensiana, aliyehamishiwa hapa kutoka Sumbawanga, ndiye anayekisifu kuliko wote. Anasema vitano vya mwanzo vilikuwa njia tu, na nyumba yenyewe ni sura hii ya mwisho.

Sura hiyo ndiyo inayogombewa leo, kwa sababu Prisca amekwisha kusimulia kilichomo. Mzee Makame anaugua. Wanawe wametawanyika, mmoja melini, mmoja bara, mmoja gerezani. Mkewe ametangulia. Amebaki Zuwena, yule aliyefukuzwa. Anarudi, anamwosha, anamlisha kwa mkono wake, na mzee anamwomba radhi.

Kwa watu wa kisiwani huo ni wema. Katika banda hili ni jambo la kushika kichwa.

"Si kusoma tu," Anosisye anaendelea. "Utayasema kwa lugha yetu. Kwamba mkamwana alimvua baba mkwe shati. Utayasema wewe, kwa mdomo wako, naye yuko hapo. Nyumba yangu itaitwaje?"

"Nitasoma mimi," anajitolea mwalimu Pudensiana. "Mimi si mkamwana wa mtu hapa."

"Utasoma Kiswahili, mwalimu," anasema mama Ezron. "Na bibi zetu hawa je? Kinyakyusa chako ni cha kununulia ndizi."

Mwalimu anacheka, anakiri.

"Basi mzee aende nyumbani," anasema mwingine kutoka nyuma.

Hakuna anayeliunga mkono. Kumwondoa pale mtu aliyevumilia vitabu sita kwenye upepo, ibaki sura moja, ni jambo ambalo hata Anosisye hana ujasiri nalo.

Kinachomsumbua Anosisye kina mizizi nje ya kitabu. Masika yaliyopita alishikwa na kichomi akalazwa. Ulimboka, mwanawe na mume wa Atupakisye, hakuwepo. Alikuwa fundi kiwandani, akapunguzwa pamoja na wenzake, akaenda kuchimba dhahabu Chunya. Nyumbani wakabaki mzee, mkamwana na watoto wadogo, na watoto wakapelekwa Kisondela kwa bibi yao mwingine. Wakabaki wawili ambao hawaruhusiwi kuonana.

Atupakisye anaisimulia siku hiyo kwa sauti ya chini, akichambua majani kwenye kikapu chake bila kuyatazama.

"Nilikuwa nasubiri jirani apite nimpe chakula ampelekee. Jioni moja mvua ilikuwa kubwa, hakupita mtu. Nikaweka sahani kwenye kisiki mlangoni kwake, nikakohoa, nikakimbilia jikoni. Akatoka anapapasa. Akaigusa ukingoni, ikapinduka. Nikamwona anainama, anaokota chini, anakula. Hatua kumi tu, na nilishindwa kwenda."

Anafuta pua kwa kiganja.

"Ulimboka akirudi na chochote, kwanza ni kutibu macho ya yule wa upande wa pili. Nyumba ya bati itasubiri."

Anosisye alipona na kurudi, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Lakini ana miaka sabini na kifua bado kinalia. Anajua, na kila mtu bandani anajua, kwamba siku yaweza kuja ambapo hatakuwepo. Nani atampa mzee uji? Kitabu kimeuliza swali hilo mbele ya watu, na yeye hataki liulizwe.

"Nimesema iruke," anarudia. Safari hii sauti imepungua.

Hapo ndipo ukuta unapozungumza.

"Anosisye."

Mikono yote inasimama. Mzee Nsajigwa hajawahi kusema neno wakati wa kusoma. Amewahi kukohoa, na mara moja, Zuwena alipozaa, amewahi kucheka.

"Nakusikia, baba Ulimboka," anajibu mkewe.

"Nina neno na wewe. Sina neno na mwingine yeyote." Anazungumza polepole, kwa Kinyakyusa, kama mtu anayepanga kuni. "Huyo Makame ni mtu mbaya. Amefukuza watu nyumbani kwake toka kitabu cha kwanza. Nimekaa kwenye baridi hii miaka mitatu nikimsubiri aombe radhi. Leo ameamua kuomba, wewe unasema irukwe?"

Mtu mmoja anacheka, anajizuia.

"Ni aibu," anasema Anosisye.

"Aibu nilikuwa nayo nilipokuwa na macho. Wewe ulipokuwa umelazwa, chakula kilimwagika mlangoni kwangu. Nikakila na udongo wake. Hujawahi kunisikia nikikitaja."

"Sijawahi."

"Unadhani sikujua kwamba jikoni kulikuwa na mtu analia?"

Atupakisye ameinamisha kichwa mpaka kitambaa kimemfunika uso. Mgongo wake, ulioupa ukuta kwa miaka mitatu, unatikisika kidogo.

"Nimemaliza," anasema mzee. "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Anosisye anatazama ukuta. Anawatazama wanawake wenzake, mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumsaidia. Wote wamekuwa na kazi kwenye vikapu vyao. Mwisho anamgeukia mkamwana wake.

"Mimi sisemi ndiyo," anasema. "Na hapana nimechoka kuisema. Kitabu kiko mkononi mwako, mwanangu."

Anakaa chini, kwenye gogo.

Utomvu wa chai umemwachia Atupakisye weusi vidoleni, na anausugua kwenye kitenge kidole baada ya kidole. Angeweza kusema mvua inakuja. Angeweza kusoma Kiswahili peke yake, haraka haraka, akapita. Wengi wetu tungepita.

"Nitaisoma yote," anasema. "Kwa lugha zote mbili. Sitapunguza neno."

Anainuka na kushika kigoda chake. Hakigeuzi kuelekea ukutani. Hilo bado haliwezekani, na hakuna anayelitarajia. Anakisogeza nyuma tu, hatua moja, ya pili, mpaka mgongo wake unagusa mabanzi. Anakaa. Upande wa pili, kigoda kingine kinasikika kikiburutwa kwenye changarawe, kikisogea.

Mama Ezron anaziba mdomo kwa kanga. Mwalimu Pudensiana anatazama juu kwenye bati.

Atupakisye anafungua ukurasa.

"'Zuwena akaketi ukingoni mwa kitanda,'" anasoma, "'akamwinua mzee kichwa kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akamsogezea kijiko.'"

Kisha anausema tena mstari huo kwa Kinyakyusa, neno kwa neno, kwa sauti inayopita kwenye mianya.